Proskuneo: tuchague "kusujudu" au "kuabudu"?

Katika Mathayo 4:10 Bwana Yesu anamjibu Shetani kwa maneno ambayo Biblia ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952, imeyaandika hivi: "Msujudie Bwana Mungu wako, umwabudu yeye peke yake." Katika Yohana 4 Biblia hiyohiyo inasema kwamba waabuduo halisi watamwabudu Baba katika roho na kweli. Msomaji anayeweka mistari hiyo miwili kandokando atadhani kwamba "kuabudu" kwa Mathayo na "kuabudu" kwa Yohana ni neno moja, kumbe sivyo. Kitenzi cha Kiyunani kilicho nyuma ya "kuabudu" katika Yohana ni proskuneo, nacho ndicho kilekile ambacho katika Mathayo kimekuwa "kusujudu", ilhali "kuabudu" kwa Mathayo kunatoka katika kitenzi kingine kabisa, latreuo.

Anayehubiri, anayefundisha darasa la Biblia, au anayetafsiri Maandiko katika lugha ya kwao huku akitazama Kiswahili kama kielelezo, hana budi kuchagua. Rai yangu ni hii: "kusujudu" liwe neno la kwanza la proskuneo, "kuabudu" liachiwe latreuo, na mpaka huo uvukwe mahali pachache tu ambapo andiko lenyewe linatulazimisha.

Kitendo cha mwili kilichogeuka kuwa neno la ibada

Proskuneo limeundwa kwa vipande viwili: pros, lenye maana ya kuelekea, na kuneo, yaani kubusu. Wengi huona kwamba mwanzoni lilitaja busu lililopelekwa kwa mkono kuelekea kitu kitakatifu, au busu la kuigusa ardhi. Herodoto, mwanahistoria wa Kiyunani aliyeandika karne ya 5 kabla ya Kristo, anaeleza katika kitabu chake cha kwanza jinsi Waajemi walivyosalimiana njiani: waliolingana kwa cheo walibusiana midomoni, aliyepungukiwa kidogo alibusiana na mwenzake shavuni, na aliye chini sana alianguka mbele ya mkubwa wake na kufanya proskuneo. Herodoto huyohuyo anasimulia habari za Wasparta wawili, Sperthias na Bulis, waliofika Susa mbele ya mfalme Xerxes wakaamriwa kuanguka kifudifudi, nao wakakataa kwa kuwa kwao haikuwa desturi kumfanyia mwanadamu jambo hilo. Kwa hiyo kwa masikio ya Myunani neno hili lilikuwa na uzito pande mbili. Lilifaa mbele ya miungu, na mbele ya mtu lilisema waziwazi kwamba mmoja yuko juu na mwingine yuko mavumbini.

Watafsiri wa Septuaginta, yaani Agano la Kale la Kiyunani, walilichukua neno hili kutafsiri kitenzi cha Kiebrania cha kuinama hadi nchi, na hawakubagua ni nani anayeinamiwa. Ibrahimu anawafanyia proskuneo wana wa Hethi anapotafuta mahali pa kumzika Sara, katika Mwanzo 23:7, na sura moja tu nyuma yake, katika 22:5, anawaambia vijana wake kwamba yeye na Isaka wanakwenda mlimani kufanya proskuneo mbele za Mungu. Biblia ya Union imeandika kwamba aliwainamia watu wa nchi, na kwamba alikwenda mlimani kuabudu. Kiyunani kina neno moja hapo, Kiswahili kina mawili.

Sisi Waswahili hatuhitaji kwenda mbali kuelewa jinsi tendo la mwili linavyogeuka kuwa neno. "Shikamoo" huelezwa kuwa limetokana na "nashika miguu yako", ingawa leo mtoto hulitamka akiwa amesimama wima na mkoba wa shule mgongoni. Nalikumbuka neno hilo kila nisomapo Mathayo 28:9, ambapo wanawake waliotoka kaburini wanakutana na Yesu aliyefufuka, wanamshika miguu, kisha wanamfanyia proskuneo. Pale miguu inashikwa kwelikweli. Anayeandika "wakamwabudu" ameeleza mioyo ya wanawake wale, lakini ameipoteza mikono na magoti yao.

Maneno mawili tuliyonayo

Kwa bahati njema Kiswahili kiliyapokea maneno yote mawili kutoka Kiarabu yakiwa na mizizi ya Kisemiti inayokaribiana sana na lugha za Biblia. "Kusujudu" linatokana na sujud, kuweka paji la uso chini. Na mahali pa kusujudia ndipo Kiarabu kinapopaita masjid. Kiaramu kina mzizi huohuo, nao ndio unaotumika katika Danieli 3, watu wanapoamriwa kuanguka mbele ya sanamu ya dhahabu ya Nebukadreza. "Kuabudu" na "ibada" vinatokana na mzizi wa utumishi, ule unaomtaja abdi, mtumwa; ni ndugu wa kitenzi cha Kiebrania cha kutumika na kufanya kazi, ambacho Septuaginta mara nyingi ilikitafsiri kwa latreuo. Nalo latreuo katika Kiyunani cha kale lilihusiana na mtumishi wa ujira.

Basi ukiweka sujudu mkabala na proskuneo, na abudu mkabala na latreuo, hulazimishi kitu. Moja linatazama mwili unaoshuka chini mbele ya mwingine. La pili linatazama utumishi wa maisha. Kutoka 20:5, pale Amri Kumi zinaposema juu ya sanamu, "Usivisujudie wala kuvitumikia", Septuaginta ina proskuneo na latreuo kwa mfuatano huohuo, na kwa kuandika "kuvitumikia" watafsiri wa Union walituonyesha kwamba walijua vizuri maana ya kitenzi cha pili.

Kipimo cha usiku na mchana

Njia rahisi ninayoitumia kuvitenganisha vitenzi hivi ni kuuliza kama "usiku na mchana" vinaweza kuandamana na kitenzi. Ana binti Fanueli, yule mjane wa Luka 2:37, hakuondoka hekaluni, akifanya latreuo usiku na mchana kwa kufunga na kuomba. Katika Ufunuo 7:11 malaika wote wanaanguka kifudifudi mbele ya kiti cha enzi na kufanya proskuneo. Mistari minne baadaye, katika 7:15, wale waliotoka katika dhiki kuu wanafanya latreuo mchana na usiku katika hekalu lake. Kuanguka kunatokea mara moja na kunaonekana kwa macho. Utumishi unaendelea, na hupimwa kwa siku na miaka.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni utetezi wa Paulo mbele ya liwali Feliki katika Matendo 24. Mstari wa 11 anasema hazijapita zaidi ya siku kumi na mbili tangu alipokwea kwenda Yerusalemu kufanya proskuneo. Mstari wa 14 anakiri kwamba kwa kuifuata ile Njia wanayoiita uzushi, anamfanyia latreuo Mungu wa baba zake. Biblia ya Union ina "kuabudu" mahali pote pawili, na hivyo msomaji hawezi kuona kwamba Paulo ametaja mambo mawili tofauti: safari ya siku zinazohesabika, na maisha yake yote. Hali kama hiyo imo katika hotuba ya Stefano, Matendo 7:42 na 43, ambapo jeshi la mbinguni linafanyiwa latreuo na sanamu zinafanyiwa proskuneo, nasi tunasoma "kuabudu" kote kuwili.

Mwenye ukoma, mdeni na askari

Nguvu ya "kusujudu" huonekana zaidi pale ambapo hatujui bado anayeanguka anaamini nini. Chukua habari ya mwenye ukoma inayosimuliwa na waandishi watatu. Marko 1:40, kwa kadiri ya nakala nyingi, anasema alimpigia Yesu magoti. Luka 5:12 anasema alianguka kifudifudi. Mathayo 8:2 anatumia proskuneo, na Biblia ya Union imeandika vema "akamsujudia". Waandishi wawili wanaonyesha goti na uso, na wa tatu anatumia neno linaloweza kubeba heshima ya mwombaji kwa mkubwa na pia, kwa msomaji anayeujua mwisho wa Injili, heshima ya kiumbe kwa Bwana wake. Ukiandika "akamwabudu" umemtangulia Mathayo; umetoa jibu kabla ya swali kuulizwa. Ukiandika "akamheshimu" umefunga mlango ambao Mathayo ameuacha wazi kwa makusudi, maana ndiye mwandishi wa Injili anayelitumia neno hili kuanzia mamajusi wa sura ya 2 hadi mlima wa Galilaya wa sura ya 28, mara 13 kwa jumla.

Mfano wa mtumwa aliyewiwa talanta elfu kumi, Mathayo 18, ni mwingine wa kutazamwa kwa karibu. Mtumwa anaanguka mbele ya mfalme na kufanya proskuneo, akisema, "Bwana, nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Hakuna anayedhani kwamba anamwabudu mfalme, anamlilia. Kisha mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, aliyewiwa dinari mia anaanguka mbele yake yeye na kumsihi kwa maneno yaleyale, lakini safari hii Mathayo anasema tu kwamba alianguka. Neno proskuneo halimo. Wajoli wawili wako sawa, hivyo mmoja hawezi kumsujudia mwenzake. Tofauti hii ndogo inafanya ukatili wa yule mtumwa uonekane mbaya zaidi, nayo huhifadhiwa tu na mtafsiri aliyeamua tangu mwanzo neno gani ni la kitenzi gani.

Kisha njoo Marko 15:19, uani mwa liwali. Askari wanampiga Yesu mwanzi kichwani, wanamtemea mate, wanapiga magoti na kumfanyia proskuneo. Vitenzi vyote vitatu vikuu viko katika wakati wa Kiyunani unaoonyesha jambo lililorudiwa au kuendelea: walikuwa wakimpiga, wakimtemea, wakimsujudia. Hapa "wakamwabudu" haliwezekani hata kidogo, kwa sababu lingesema uongo juu ya mioyo yao. "Wakimsujudia" linasema kweli yote: miili ilishuka chini, kwa dhihaka, mbele ya yule ambaye msomaji anajua anastahili. Uchungu wa mstari huo umo katika kitendo sahihi kilichofanywa na watu wasiojua wanachofanya. Kila ninapousoma wakati wa Kwaresima huona kwamba mtafsiri aliyelichagua "kusujudu" alitutendea jambo jema sana.

Mahali "kuabudu" linaposhinda

Nimesema kwamba mpaka huvukwa mahali pachache. Mahali hapo pana alama mbili zinazotambulika: proskuneo inasimama peke yake bila kutaja anayesujudiwa, na inahusu kwenda mahali patakatifu. Wayunani wa Yohana 12:20 waliokwea kwenye sikukuu, Mwethiopia wa Matendo 8:27 aliyesafiri kutoka nchi ya malkia Kandake hadi Yerusalemu, na Paulo katika Matendo 24:11, wote "walikwenda kuabudu", na Kiswahili kinakubali hivyo bila shida. "Alikwenda Yerusalemu kusujudu" lingemfanya msikilizaji afikirie tendo la dakika moja, wakati safari ile ilikuwa na dhabihu, sala na sikukuu nzima ndani yake. Hapo tendo moja limesimama badala ya ibada yote, kama vile sisi tunaposema mtu amekwenda kuswali Ijumaa na tukamaanisha pia hotuba na kukutana na wenzake. Katika Matendo 24 ningeandika "kuabudu" mstari wa 11, kisha mstari wa 14 niandike "namtumikia Mungu wa baba zetu", ili tofauti ibaki.

Yohana 4 ni pagumu zaidi, na panastahili tukae kidogo. Katika mistari mitano, kuanzia 20 hadi 24, proskuneo inakuja mara 9, na pamoja nayo jina proskunetes, "mwenye kusujudu", ambalo halipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Mwanamke Msamaria anauliza juu ya mahali: baba zake walifanya proskuneo katika mlima ule, Gerizimu, ambako hekalu la Wasamaria lilikuwa limebomolewa na Yohana Hirkano, kuhani mkuu na mtawala wa Wayahudi, zaidi ya karne moja kabla ya mazungumzo hayo, na Wayahudi wanasema mahali pake ni Yerusalemu. Swali lake lina maana kwa sababu anayesujudu anahitaji mahali pa kuweka uso wake na upande wa kuelekea. Jibu la Yesu linashangaza kwa sababu hiyohiyo: anakichukua kitenzi kinachohitaji ardhi na kusema kwamba saa inakuja ambapo kitafanyika katika roho na kweli. "Kuabudu" linapunguza mshangao huo, maana tumekwisha kuzoea kwamba mtu anaweza kuabudu popote.

Kuna jambo jingine la siku hizi. Makanisani kwetu "kuabudu" limekuwa jina la sehemu ya ibada: kwanza nyimbo za kusifu, za haraka na za kupiga makofi, kisha nyimbo za kuabudu, za taratibu, watu wakiwa wamefumba macho. Katika darasa la Biblia la jioni mama mmoja aliwahi kuniuliza baada ya kusoma sura hii, "Mwalimu, mbona hapa kisimani hakuna aliyeimba?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Alilisikia neno kama linavyotumika mbele yake kila Jumapili. Niliandika ubaoni "wasujuduo halisi watamsujudia Baba katika roho na kweli", tukausoma mstari upya kwa sauti, naye akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba sasa anaona ni jambo la kujishusha.

Hata hivyo, kwa Biblia ya kusomwa kanisani ningebaki na "kuabudu" katika Yohana 4, kwa sababu mazungumzo yanahusu hekalu na taifa na baba zao, mambo mapana kuliko tendo la paji la uso. Kwa somo la darasani ningeliweka "kusujudu" kando yake kila mara.

Pingamizi la anayesujudiwa

Wapo watakaosema kwamba "kusujudu" haliwezi kutumika kwa mwanadamu, hasa pwani, ambako msikilizaji wa Kiislamu hulijua kama sehemu ya sala na huona kwamba halimstahili yeyote ila Mwenyezi Mungu. Pingamizi hili ni zito. Lakini hata msikilizaji huyo anaijua habari ya malaika walioamriwa kumsujudia Adamu katika Sura ya Al-Baqara, na ya wazazi na ndugu za Yusufu katika sura yenye jina lake, na wafasiri wao wameieleza kuwa sijda ya heshima. Neno lenyewe lina nafasi hiyo, kama proskuneo lilivyokuwa nayo.

Zaidi ya hayo, Agano Jipya linautumia uzito huu kwa makusudi. Kornelio anamwangukia Petro miguuni na kumsujudia katika Matendo 10:25, na Petro anamwinua akimwambia asimame, yeye naye ni mwanadamu. Yohana anataka kumsujudia malaika mara mbili, Ufunuo 19:10 na 22:8, na mara zote mbili anazuiwa na kuelekezwa kwa Mungu. Yesu anasujudiwa na mwenye ukoma, na mwanamke Mkanaani, na wanafunzi chomboni, na kipofu aliyefunguliwa macho, wala hamwambii hata mmoja wao asimame. Hoja hiyo inasikika tu ikiwa neno ni moja kote. Anayeandika "akampigia magoti" kwa Petro, "akamwabudu" kwa Yesu, ameijenga hoja kwa mkono wake mwenyewe badala ya kumwachia msomaji aione.

Kwa adabu za kawaida za Mwanzo, kama Ibrahimu mbele ya wana wa Hethi, "kuinama" linatosha na ndilo zuri zaidi. Hakuna anayeomba kuhurumiwa wala anayetetemeka. Ni wazee wanaofanya biashara ya shamba kwa heshima.

Jambo dogo la sarufi limalizie hapa. Kiyunani huweka anayesujudiwa mara katika hali ya yambwa (anayetendwa moja kwa moja), mara katika hali ya yambiwa (anayetendewa), nasi tuna "kumsujudu" na "kumsujudia". Inavutia kuzioanisha hali hizo na kauli zetu mbili na kutafuta siri ndani yake, kwa kuwa katika Ufunuo Mungu daima yuko katika hali ya yambiwa. Lakini joka la Ufunuo 13:4 nalo liko katika hali hiyohiyo, na katika Yohana 4:23 Baba yuko katika hali zote mbili ndani ya mstari mmoja. Chagua "kumsujudia", ambalo masikio ya wengi yamelizoea, wala usihubiri juu ya kiambishi.

Unabaki mstari mmoja ambao umenisumbua kuliko mingine, Waebrania 11:21, ambapo Yakobo anayekaribia kufa anafanya proskuneo juu ya kichwa cha fimbo yake. Neno la Kiebrania katika Mwanzo 47:31 lina konsonanti zinazoweza kusomwa "kitanda" au "fimbo", na Septuaginta ilisoma fimbo. "Akasujudu" linamlaza mzee huyu sakafuni, na fimbo haina kazi tena. "Akaabudu" linamwacha amesimama kama kijana. Hapa, na hapa tu, ningeyatumia maneno mawili kwa moja: "akainama, akamwabudu Mungu, akiegemea kichwa cha fimbo yake."